Mwenye Mzigo Hatazami Chini

Mama Teresa Naliaka hajui kukaa. Nilipanga chumba cha mbele cha ploti yake hapa Burumba, Busia, kwa miaka saba, nikishona nguo mlangoni, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Alikunywa akitembea kati ya jiko na meza za wateja, kikombe akakisahau dirishani kwangu, kisha baada ya saa nzima akanijia na kuniuliza, "Fundi, umekunywa chai yangu?" Kama ningekunywa kila chai aliyoisahau, ningekuwa na kitambi cha mwenye ploti, si hiki kitumbo changu cha mpangaji.

Lakini huko kulikuwa kutotulia kwa kazi, na kazi haijamuua mtu. Kuna kutotulia kwingine kulikompata mwaka jana, na hicho ndicho kisa changu. Ninakieleza kwa sababu watu wa hapa mpakani wanakieleza vibaya. Wanasema mama alirogwa, ati alisimama kortini akajichongea mwenyewe. Mimi nilikuwepo, benchi ya pili, na sikuona mchawi yeyote.

Kwanza mjue ametoka wapi. Alizaliwa Matayos, akaolewa na marehemu Egesa aliyekuwa akibeba watu kwa baiskeli mpakani. Baiskeli ya Egesa ililisha watu wawili kwa shida, na Mathew alipozaliwa wakawa watatu. Ndipo Teresa akajitwika beseni. Alivuka upande wa Uganda alfajiri, akarudi na mananasi, ndizi au maharagwe kichwani, akashusha sokoni, akavuka tena. Miaka kumi na minne. Egesa alifariki katikati ya miaka hiyo, na baada ya matanga mama alikaa nyumbani siku chache tu, akasokota ngata yake upya na kuiweka kichwani. Ploti hii ya Burumba aliinunua kidogo kidogo, akajenga hoteli ya chai na ugali upande wa barabara, chumba changu kando yake, na vyumba vitatu vya kupangisha nyuma. Ukimuuliza alivyoipata, anajigusa kisogo na kusema, "Nilinunua na shingo."

Alipozungusha ua wa mabati, aliacha pengo upande wa nyuma. Si kwamba mabati yaliisha. Aliwaachia akina mama wa mizigo njia ya mkato, ili wakitoka mpakani wasizunguke mtaa mzima kabla ya kufika barabarani. Walipita uani, wakashusha beseni mbele ya hoteli, wakanywa chai na mandazi mawili, wakasaidiana kutwikana, wakaenda zao. Wote tuliijua njia hiyo. Ilikuwa imechongeka ardhini kwa miguu, imenyooka toka pengoni hadi kona ya jiko, na hata kuku waliifuata.

Mwezi wa nne mwaka jana choo cha zamani kilijaa. Hoteli bila choo si hoteli, kwa hiyo mama alimleta mchimbaji mmoja wa Nambale, anaitwa Lazarus, mtu wa maneno machache na koleo zuri. Alichimba siku tatu, shimo likafika kimo cha mtu mzima. Siku ya tatu jioni simu ikalia: mjomba wake amefariki. Akaondoka kwenda matanga, akaacha koleo lake kama amana, akaahidi kurudi baada ya siku tatu. Sasa wewe na mimi tunajua matanga ya Nambale. Kuna mazishi, kuna kunyolewa, kuna wakwe ambao hawajafika, kuna neno la shamba ambalo haliwezi kusubiri. Lazarus alirudi siku ya tisa.

Shimo lilibaki wazi, nusu hatua kutoka njia ya mizigo.

Msiseme mama alizembea. Alitafuta kipande cha ubao, akachovya brashi katika rangi nyekundu iliyobaki alipopaka mlango wa hoteli, akaandika HATARI SHIMO kwa herufi ambazo mwalimu wa chekechea angezionea wivu. Akapindua ndoo mdomo chini ukingoni mwa shimo, akakisimamisha kibao juu yake na kukiegemeza kwenye kigingi. Mimi nilipita, nikakisoma, nikamsifu. Mtu wa maji alikisoma. Wapangaji walikisoma. Siku nne watu walipita kando ya shimo na hakuna aliyeteleza.

Usiku wa kuamkia siku ya tano kulinyesha. Asubuhi, yapata saa moja, nilikuwa napinda suruali ya mwanafunzi niliposikia kishindo na mtu kuita mara moja tu. Nilipofika kona ya jiko niliona mananasi yakibingirika uani. Mwenyewe sikumwona. Nilipoinama juu ya shimo nilimwona Akwii huko chini, mguu mmoja umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi.

Akwii ni mama wa Kiteso, miaka thelathini na kitu, mcheshi, anayepita kwetu na mananasi kwa mwaka wa sita sasa. Alitueleza baadaye ilivyokuwa. Maji ya mvua yalikuwa yametuama njiani, unyayo wake ukahisi utelezi, akausogeza pembeni penye ukavu. Pembeni hapakuwa na kitu. Tulimtoa kwa kamba na mlango wa choo kilichojaa, ambao tuliung'oa ili tumlaze juu yake. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Aliwekwa kwenye pikapu ya jirani, akina mama wenzake wakajazana kumshika, na gari likaondoka kwenda hospitalini likimwacha Mama Teresa amesimama langoni, mikono yote miwili kichwani.

Siku hiyo hiyo alinunua kuku. Kwetu mtu akiumia bomani mwako, iwe kosa lako au la mvua, unakwenda kumwona. Unabeba kuku, unabeba sukari na unga, unakaa kando ya kitanda chake, unamwangalia usoni na yeye anakuangalia. Si Waluhya peke yao, na si Wateso peke yao. Mama alimfunga kuku miguu, akamweka jikoni chini ya meza, akaoga, akavaa lile gauni la kanisani. Nikajua anaenda. Ndipo Mathew akafika.

Mathew ni mtoto wake wa pekee, kijana wa miaka thelathini, karani wa wakala wa mizigo huko Malaba. Simchukii. Ila kazi ile inamfundisha mtu tabia fulani. Lori likigusana na lori katika foleni ya forodha, wa kwanza kusema pole ndiye anayelipa, basi wao wamejifunza kufunga midomo na kupiga picha. Mathew alishuka kwenye pikipiki, akapita moja kwa moja hadi shimoni, akapiga picha za kile kibao kwa simu yake, toka mbele, toka kando, karibu, mbali. Kisha akaja jikoni akamwona kuku.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Ya Akwii. Naenda kumwona."

"Huendi."

"Nani amesema?"

"Mimi. Ukienda na kuku, umekubali makosa. Hiyo kuku itafika kortini mbele yako. Mama, hii ploti haina bima. Huyo mama akishtaki na ashinde, inauzwa. Unataka turudi kukodi nyumba?"

Mama alisema atakwenda bila kuku. Mathew akasema hata bila kuku. Waligombana hadi wateja wakamaliza chai haraka. Mwisho walikubaliana kumuuliza wakili, na kesho yake walikwenda kwa wakili Omuse, mzee mwenye ofisi ya ghorofani mjini. Huyo naye alikuwa mpole kuliko Mathew lakini alisema yale yale: usiende, usipige simu, usimtume mtu, ngoja tuone wao watafanya nini. Mama alirudi, akavua gauni la kanisani, akafunga kilemba cha kazi. Kisha akamfungua kuku miguu.

Mimi pia sikwenda hospitalini. Nilijiambia shimo si langu. Nikajiambia mpangaji akienda itaonekana ametumwa. Mtu akitaka sababu ya kubaki nyumbani hazikosi, na mimi nilikuwa nazo za kutosha kuuza.

Wiki zikapita. Lazarus alirudi akamaliza kazi, choo kikajengwa, kikaezekwa, wateja wakakizoea. Akina mama wa mizigo walipungua. Walizunguka mtaa, ingawa pengo lilikuwa wazi na njia imesawazishwa. Hakuna aliyewakataza. Walipokutana na Mama Teresa sokoni walimsalimu vizuri, wakauliza habari za Mathew, na hakuna aliyetaja jina la Akwii, na kule kutotajwa kulimkera kuliko kama wangemtukana. Akirudi alisugua sufuria ambazo zilikuwa safi. Alihamisha meza za hoteli toka ukuta huu hadi ule, halafu akazirudisha. Yule kuku akaanza kutaga katika kikapu changu cha vipande vya vitambaa, akaatamia, na mama kila alipomwona alimfukuza kama mtu aliyekuja kudai.

Mwezi wa tatu tangu ajali, barua ya wakili wa Akwii ikaja. Mathew aliisoma akiwa amesimama, akasema, "Unaona? Nilikuambia hawa watu." Alikuwa karibu kufurahi, maana hofu yake ilikuwa imethibitishwa.

Nilikwenda nao kwa Omuse siku hiyo kwa sababu alitaka shahidi aliyekiona kibao. Alinipa kiti kibovu, lakini alieleza vizuri, nami nilielewa. Alisema sheria ya mwenye mahali inauliza mambo mawili. La kwanza, aliyeumia alikuwa mgeni wako au alivamia? "Hapo hatuna maneno, mama. Pengo uliliacha wewe, unawaona wakipita kila siku, na unawauzia chai. Hao ni wageni wako, hata kama hujawahi kuwaambia karibu." La pili, ulifanya linalopasa ili mgeni huyo awe salama? Akaweka simu ya Mathew mezani, picha ya kibao ikang'aa. "Kesi yetu yote imesimama hapa. Ulimwonya. Onyo likitosha kumfanya mtu awe salama, na yeye akalipuuza, huwezi kulaumiwa. Likionekana halikutosha, basi." Hakumaliza.

"Lilitosha," Mathew alisema.

Omuse akamgeukia mama. "Mama, lilitosha?"

"Si mnaliona kwa picha," mama akajibu, akainuka kabla hatujaruhusiwa kuondoka.

Baada ya siku hiyo ndipo alipoanza lile jambo la asubuhi. Chumba changu kilikuwa na kidirisha kinachotazama uani. Siku moja saa kumi na mbili na nusu nilipochungulia kuangalia kama kumekucha sawasawa, nilimwona Mama Teresa akiingia pengoni, ngata kichwani, na juu ya ngata beseni kubwa limejaa maji. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumwona amebeba kitu kichwani. Alikuwa bado anajua, lakini. Shingo ilisimama wima, mikono inaning'inia, miguu inatambaa polepole kwenye ile njia kama inasoma. Alipofika karibu na choo kipya alisimama. Akashusha beseni, akageuka, akatazama chini nyuma yake.

Nilitazama pale alipotazama. Ilikuwa ndoo imepinduliwa, na juu yake kile kibao chekundu. Alikuwa amekificha chini ya kitanda chake kwa sababu Omuse alisema kitahitajika kortini. Amekitoa, amekirudisha kimo kile kile, karibu na mahali pale pale.

Alirudia mara mbili. Kesho yake tena. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikatoka na mswaki mdomoni.

"Mama, unatafuta nini?"

"Nanyoosha shingo."

"Na kibao?"

Aliniangalia vibaya sana. Maji ya beseni yalikuwa yamemmwagikia begani na hakuyapangusa. "Fundi, si uko na uniform za watu za kumaliza?" akasema, akachukua ndoo yake na kibao chake, akaingia ndani.

Nilikasirika. Sitaki kujipamba hapa nionekane mtu mwema. Nilirudi kwenye cherehani nikiwa na hasira, kwa sababu nilielewa anachokitafuta, na nilielewa kwamba akikipata, chumba changu kimekwenda. Miaka saba nimewafundisha wateja njia ya kuja mlangoni pale. Nilimwombea mwanamke yule asione alichokuwa anakiona. Nilisali kabisa, mimi ambaye kanisani huonekana Krismasi.

Kesi ilisikilizwa Busia mjini, siku ya Jumatano yenye jua kali. Akwii aliingia na mkongojo, amekonda, mguu mmoja umefupika kidogo hivi kwamba bega moja lilitangulia kushuka. Hakumtazama Mama Teresa. Alieleza habari zake kwa sauti ndogo: njia, maji, ukavu, kisha shimo. Aliulizwa kama aliona kibao. Akasema hakuona kibao chochote.

Omuse alisimama akarekebisha koti. Ile picha ilikuwa imechapishwa kubwa, akamwonyesha. "Dada, unajua kusoma?"

"Najua."

"Hii inasema nini?"

"Hatari shimo."

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Ilikuwa hatua moja kutoka ulipopita. Wengine siku nne nzima waliiona. Wewe hukuiona." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu aliambiwa hata hivyo, tena kwa rangi nyekundu." Watu wakacheka kidogo. Mathew, kando yangu, alipumua kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Nami nilicheka. Akwii aliinamisha uso akaangalia mkongojo wake.

Zamu yangu ilikuwa fupi. Nilikiona kibao? Nilikiona. Kilisomeka? Kilisomeka. Nikashuka nikijiona nimefanya kazi ya maana. Kisha Mama Teresa akaitwa, akaapa, akajibu maswali ya Omuse kama walivyofanya mazoezi: niliandika siku ile ile, niliweka ukingoni, sikuwahi kukiondoa. Wakili wa Akwii, msichana aliyeitwa Brendah, alimuuliza juu ya pengo na mvua na mchimbaji, lakini jambo la kibao aliligusa juu juu tu akaliacha. Labda naye aliona picha ile ina nguvu. Akaketi. Ilikuwa imekwisha. Omuse alikuwa tayari anakusanya karatasi zake.

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, aliuliza kama ana la kuongeza kabla ya kushuka. Omuse alimtikisia kichwa kidogo, akimwambia shuka.

Mama Teresa hakushuka. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mwili wake wote ulikuwa umetulia.

"Niko na kitu, mheshimiwa," akasema. "Hicho kibao ni mimi niliandika. Ni kizuri, hata mimi nilikipenda. Lakini hicho ni kibao ya mtu ako mikono mitupu. Mimi nimebeba mzigo kichwani miaka kumi na nne. Mtu ako na beseni haangalii chini. Ukiinamisha shingo tu hivi, mzigo imeenda. Unaangalia mbele, na miguu ndio inajua njia. Huyu dada amepita kwangu miaka sita. Miguu yake ilijua hapo kuliko yangu. Mimi ndio nilibadilisha chini, halafu nikamwandikia mahali hawezi kuona. Nimejaribu na beseni yangu, asubuhi tatu. Niliandika mwenyewe, niliweka mwenyewe, na nikipita na mzigo siwezi kukiona."

Omuse alikuwa ameacha kukusanya karatasi.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, halafu akainua uso. "Mama, siku ulipokiweka, ulijua hivyo?"

Hilo ndilo swali ambalo angeweza kulikwepa. Kujaribu na beseni baada ya miezi mitatu si sawa na kujua siku ile, na hata mimi mshona suruali nililiona hilo. Nilimtazama, nikamwambia kimya kimya: sema hukujua.

"Nilijua," Mama Teresa akasema. "Shingo yangu ilijua. Lakini nilikuwa nimekuwa mtu wa hoteli, nikasahau kuiuliza."

Mathew alisimama akatoka nje. Mlango ulijibamiza nyuma yake na askari akamfuata kumkemea.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki tatu. Hakimu alisema mgeni anaonywa kulingana na jinsi mwenye mahali anavyojua atakavyokuja, na mwenye mahali huyu alijua wageni wake huja na mizigo vichwani. Akwii akapewa alichoomba, kasoro kidogo. Mjue kabisa yaliyofuata ili msinisumbue kwa maswali: upande wa mbele wa ploti uliuzwa, hoteli na chumba changu, kwa mtu wa vifaa vya ujenzi. Mama amebaki nyuma na vyumba vitatu, kimoja anakaa, viwili anapangisha, na anauza chai kwa kibanda kando ya lango. Mimi nashona varandani kwa duka la mtu sokoni, jua linanipiga mchana kutwa. Kwa miezi miwili sikumsalimu. Sasa namsalimu, na chai nakunywa kwake, na bado siku nyingine nikikumbuka dirisha langu nashikwa na hasira upya.

Lakini nilitaka kuwaambia la siku ile ya hukumu, tulipotoka nje. Watu walitawanyika haraka kwa sababu ya jua. Brendah alimwacha Akwii chini ya ngazi za korti akaenda kutafuta boda ya kumbeba. Mathew alikuwa amemshika mama mkono akitaka kumpitisha upande mwingine. Mama akauvuta mkono wake, akashuka ngazi moja kwa moja hadi mbele ya Akwii. Nilisogea, kwa sababu niliogopa watapigana. Kuogopa huko kunanionyesha jinsi tulivyokuwa tumepotea.

"Akwii," akasema.

"Mama Mathew."

"Sikukuja kukuona."

"Hukukuja."

"Walinikataza. Waliniambia nikija nimekubali makosa, ploti itauzwa." Nadhani alisikia mwenyewe jinsi maneno hayo yanavyosikika, maana baada ya hukumu ile ploti ingeuzwa tu. "Nilinunua mpaka kuku," akaongeza.

Akwii alihamisha mkongojo, akaegemea vizuri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alizungumza taratibu kama mtu anayeeleza bei.

"Nililala pale siku arobaini na moja. Wakili wa kwanza alikuja wiki ya pili, mwanaume fulani, hawa wanazunguka kwa wadi wakitafuta watu wamevunjika. Nikamfukuza. Akarudi mwezi ukiisha, nikamkataa tena. Ndugu zangu walinigombeza, wakasema wewe ni mjinga, mguu imeisha na unangoja. Nikawaambia mimi sitaki kesi na Mama Mathew. Nikawaambia, ngojeni kwanza, huyo mama namjua. Atakuja."

Boda ilifika. Brendah akamsaidia kupanda kwa shida, mguu mbaya ukining'inia kando, mkongojo mapajani. Waliondoka kuelekea barabara ya mpakani.

Mama Teresa alikaa chini pale pale kwenye ngazi ya mwisho, juani, na gauni lake la kanisani. Mathew alimwinamia, akamwambia waende. Alimshika kwapa amwinue. Mama alimtoa mkono polepole, akaendelea kukaa.